Namba Isiyogawanyika

Mwalimu Baki hakuwahi kumheshimu mdogo wake, na wala hakuona sababu ya kulificha hilo. Jina lake alipewa na wanafunzi, kwa kuwa kila alipomsimamisha mtu ubaoni, kabla hata chaki haijagusa ubao, alikuwa ameshauliza, "Baki ngapi?" Alistaafu nalo, mtaa ukalipokea, na sasa hata muuza mkaa alimwita hivyo bila kujua lilikotoka.

Mdogo wake naye alikuwa na jina, ila lake alijipa mwenyewe: Mshauri. Kazi yake ilikuwa kushauri wanandoa. Alikuwa na sauti nzito ya kupendeza, suti mbili za kupokezana, na kipaji cha kuzungumzia jambo moja saa nzima bila kulifikisha popote. Watu walimpenda. Mke na mume waliokuwa hawasemezani wiki nzima walikuja kumsikiliza, wakatoka wameshikana mikono, na Mwalimu Baki akishuhudia hayo alisonya. Huyu ndiye aliyekuwa anakaa dawati la nyuma katika darasa la dada yake mwenyewe, akishindwa kutoa sehemu kwenye sehemu. Huyu ndiye leo anawafundisha watu namna ya kujumlisha maisha.

Ila Jumapili Mwalimu Baki alikwenda kula kwa huyo mdogo wake. Tangu mume wake afungashe nguo zake na kuondoka, miaka mingi nyuma, bila ugomvi wala maelezo, nyumba yake ilikuwa kimya sana siku hiyo, na wifi yake alikuwa anapika vizuri. Huyo wifi alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, na hilo peke yake lilimtosha Mwalimu Baki kumvumilia.

Basi Jumapili moja walikuwa wamemaliza kula, Mshauri akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kipande cha boksi alichokiandika kwa kalamu nene. Akakisimamisha mezani, akakiegemeza kwenye jagi.

73488437.

"Dada, wewe ndiye mtu wa hesabu. Itazame hii."

"Ni nini?"

"Ni namba ya ukumbi wetu. Itakaa juu ya mlango, kwa chuma, kila tarakimu urefu wa mkono." Alikuwa anajenga ukumbi wa semina zake, na ulikuwa umebakiza rangi na mapazia. "Kiwanja chetu ni namba 7348. Nimeigeuza kama kwenye kioo, nikaiunga na yenyewe. Isome kutoka kushoto, isome kutoka kulia, ni ileile. Mume anavyomwona mke ndivyo mke anavyomwona mume. Na uzuri wake wote uko hapa: haigawanyiki."

"Haigawanyiki kwa nini?"

"Kwa chochote! Nimeijaribu kwenye simu. Mbili, imekataa. Tatu, imekataa. Nne, tano, sita, saba, zote zinaleta nukta na mikia. Nimekwenda nayo mpaka kumi."

"Ukaishia kumi."

"Dada, kitu kikikataa mara zote hizo, si kimekataa?"

Mwalimu Baki aliitazama ile namba, na hakuhitaji kalamu. Namba yoyote inayosomeka sawa kutoka pande zote mbili, ikiwa tarakimu zake ni za idadi shufwa, mbili, nne, sita au nane, lazima igawanyike kwa kumi na moja. Haina pa kukimbilia. Mdogo wake alikuwa ametembea mpaka kumi, akachoka hatua moja kabla ya shimo.

Alifungua mdomo amwambie. Lakini Mshauri alikuwa amemkazia macho kwa tabasamu la mtu aliyeshinda kesi.

"Unatafuta kasoro," alisema. "Nakujua. Safari hii tafuta mpaka uchoke."

Mwalimu Baki akafunga mdomo. "Hongera," akasema.

"Kitaalamu zinaitwaje namba kama hizi?"

"Namba tasa."

Wifi alikuwa anakusanya sahani. Mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea, taratibu zaidi. Ndoa yao ilikuwa ya siku nyingi, na walikuwa wamezunguka hospitali zote walizozisikia, wakarudi mikono mitupu. Majirani walikuwa na neno lao kwa mwanamke wa namna hiyo, na lilikuwa hilohilo. Mshauri akakohoa.

"Sisi tutaiita isiyogawanyika," akasema.

Mwalimu Baki alimwona wifi alivyoinama juu ya sahani, na alielewa kabisa. Lakini badala ya kumwonea huruma alikereka. Neno la kitabu, lililokaa darasani kwa amani miaka yote, nalo lilitakiwa liombe ruhusa kupita sebuleni kwa watu. Akanywa maji yake, akaaga.

Kuanzia hapo alianza kuufurahia ule ukumbi kuliko mwenye nao. Alipita pale karibu kila alipokwenda sokoni. Alimkuta fundi wa kuchomelea akikata vyuma, miwani myeusi imemfunika nusu ya uso, cheche zikiruka. Alimkuta mdogo wake juu ya ngazi, shati limelowa mgongoni, akipaka tarakimu rangi ya dhahabu kwa brashi ndogo, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Mwalimu, umeikagua lakini?" fundi alimuuliza siku moja. "Maana nikishaibana ukutani, kuing'oa ni kazi."

"Wewe pima nafasi vizuri," alimjibu. "Zisije zikapinda."

Na usiku wake alilala usingizi mtamu. Hakuwaza kwamba anamfanyia mtu ubaya. Aliona kwamba kuna mjinga anachimba, na yeye hajashika jembe.

Siku ya ufunguzi ilifika. Viti vya plastiki vilipangwa viwili viwili, na kila mke alikaa na mume wake. Mapazia yalikuwa ya bluu, mazuri, kazi ya wifi. Mshereheshaji alikuwa kijana mwembamba aliyependa kupuliza kipaza sauti kabla ya kila sentensi. Mshauri alihubiri kuhusu namba yake mpaka watu wakatokwa machozi. Aliwaambia wageuke wamtazame mwenzao na kusema, "Mimi na wewe hatugawanyiki," na wote wakasema, watu wazima wenye vitambi, na Mwalimu Baki akiwa mstari wa mbele alijibana mbavu asicheke.

Kisha mshereheshaji akapuliza. "Sasa tumsikie mkubwa wa familia, dada yake Mshauri, mwalimu wa wengi humu ndani! Atusalimie kwa maneno mawili."

Alikuwa amejiandaa kwa zaidi ya mawili. Alipanda jukwaani, akasogeza ule ubao wa karatasi wa semina, akachukua kalamu, akaiandika namba kubwa ili kila mtu aione. Akasalimu. Akampongeza mdogo wake. Halafu akasema, "Nawaomba mnisaidie hesabu moja ndogo. Tuchukue tarakimu kwa kuruka. Ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba. Saba, nne, nane, tatu. Jumla?"

"Ishirini na mbili," wakajibu wachache.

"Sasa zile tulizoziruka. Tatu, nane, nne, saba."

"Ishirini na mbili!" Sasa waliitika wengi, wamechangamka.

"Jumla hizi mbili zikiwa sawa, namba nzima inagawanyika kwa kumi na moja. Mwenye simu agawe."

Mwanamume mmoja wa mstari wa pili, dereva wa lori aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alikuwa ameshatoa simu. Alibonyeza, akasoma kwa sauti, kwa uangalifu, kama anasoma barua ya mtu mwingine: "Milioni sita, laki sita na elfu themanini, mia saba na sitini na saba."

"Baki ngapi?"

Na wote waliopita mikononi mwake, wanaume na wanawake waliotawanyika humo ukumbini, wakaitika kwa pamoja kabla akili zao hazijawawahi: "Sifuri!"

Kicheko kikapasuka. Watu walicheka wakipigana mabega. Wengine walicheka kwa kukumbuka shule, wengine kwa kuona uso wa Mshauri. Yeye alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa, mikono ameishikanisha mbele, tabasamu limemganda.

Hapo ndipo Mwalimu Baki alipopaswa kushuka. Alijua. Lakini kicheko kilikuwa kimempanda kichwani, na hakuwa amechekesha watu miaka mingi.

"Namba isiyogawanyika ina jina lake," akaendelea. "Ni namba tasa. Hii hapo juu ya mlango si tasa. Namba tasa hazipatikani kwa kubonyeza simu mpaka kumi, mdogo wangu. Zinatafutwa kwa utaratibu." Akaweka kalamu chini. "Ingawa wapo wanaobahatika nazo nyumbani bila hata kutafuta."

Sentensi hiyo ya mwisho haikuwa ya hesabu.

Ukumbi ulinyamaza kipande kwa kipande, kuanzia mbele kwenda nyuma, kadiri watu walivyoelewa. Mwanamke mmoja wa nyuma alikuwa bado anacheka peke yake, mume wake akamgusa goti, akaacha. Wifi alikuwa kiti cha kwanza, ameketi wima, mikono juu ya mapaja. Hakuinama. Alimtazama Mwalimu Baki moja kwa moja, kama anavyokitazama kitambaa anapotaka kujua pa kupitisha mkasi.

Mshauri alichukua kipaza sauti. "Ahsante, dada," akasema. "Tuendelee." Na akaendelea mpaka soda zikagawiwa.

Mwalimu Baki alimkuta wifi nyuma ya ukumbi, amechuchumaa mbele ya beseni, anaosha glasi. Alikwenda mwenyewe, hakuitwa. Labda alitaka kuhakikisha kwamba mambo si makubwa.

"Ulijua lini?" wifi aliuliza bila kugeuka.

"Kuhusu namba?"

"Kwani una kingine unachokijua?"

"Siku ile mezani. Aliponionyesha."

"Kwa hiyo Jumapili zote hizo. Umekaa kwangu, umekula, umeongeza, umemwona mwenzio anapanda ngazi na brashi, na umenyamaza."

"Hakuniuliza, wifi. Aliniambia. Alijiona kidume."

"Alikuwa anakuonyesha." Wifi alisuuza glasi, akaifunika juu ya kitambaa. "Usiku ule hakulala. Kila saa ananiambia, dada ameipitisha, dada hajakuta kosa. Mtu mzima na ndevu zake. Ulisema hongera, akaibeba hiyo hongera kama cheti."

Mwalimu Baki akarukia jambo jingine. "Na lile neno ndilo jina lake. Sikulitunga mimi. Liko vitabuni."

"Liko vitabuni. Na hilo la kubahatika nyumbani, liko ukurasa gani?"

Ndani ya ukumbi mshereheshaji alisikika akipuliza.

Wifi akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mfupi, lakini siku hiyo hakuonekana hivyo. "Sikiliza nikwambie kitu, maana hakuna aliyewahi kukwambia. Watu wanadhani mume wako alikukimbia kwa sababu ya hesabu zako. Si hesabu. Alikimbia huo uso. Huo uliouvaa hivi sasa, kama vile sisi wote ni majibu yaliyokosewa." Akainua beseni, akamwaga maji karibu na miguu ya Mwalimu Baki, si juu yake, lakini karibu. "Jumapili usije."

Mwalimu Baki alirudi nyumbani akiwadharau wote. Alimdharau mdogo wake kwa kutojitetea, alimdharau wifi kwa kuchanganya hesabu na uchungu, aliwadharau wale wanandoa waliocheka na kisha wakaogopa kicheko chao. Alikaa na dharau hizo nyumbani, akazipanga na kuzipangua, na hakukuwa na mtu wa kumpa hata moja. Jumapili ikaja. Alikaanga mayai, akala amesimama.

Siku iliyofuata alikwenda sokoni, na alipofika mbele ya ukumbi akasimama na kapu lake katikati ya njia. Tarakimu zilikuwa saba. Nane moja ilikuwa imeng'olewa, zilizobaki zimesogezwa, na ukuta umebaki na matundu yaliyozibwa ovyo kwa saruji mbichi.

7348437.

Kumbe mdogo wake alikuwa amesikiliza. Alikuwa ameshika kwamba tatizo ni tarakimu kuwa nane, zikagawika makundi mawili sawa, akapunguza moja akidhani amemaliza kazi. Mwalimu Baki alijumlisha tarakimu kabla hajajizuia. Thelathini na sita. Kwa hiyo inagawanyika kwa tatu, na kwa tisa. Ile ya kwanza angalau ilihitaji mtu anayejua. Hii mtoto yeyote aliyeshika kanuni ya tisa angeivunja akiwa anakula muwa.

Alitaka kucheka, na kicheko hakikuja. Alimwona tu mdogo wake juu ya ile ngazi, peke yake, bila fundi, anahangaika na nyundo.

Akageuza njia bila kununua kitu. Nyumbani alichukua karatasi, akaandika tarakimu ambazo tayari zilikuwa zimeshatengenezwa kwa chuma: saba mbili, tatu mbili, nne mbili, nane mbili. Alitaka namba inayosomeka sawa pande zote, isiyogawanyika kweli, na isiyohitaji chuma kipya hata kimoja. Alijaribu, akafuta, akajaribu. Alipoipata iliyomtia tumaini aliigawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, akapanda hivyo hivyo, kila namba tasa kwa zamu yake, mpaka mia mbili sabini na saba, mahali ambapo hapakuwa tena na haja ya kuendelea. Kila mara palibaki kitu. Jua lilizama bado ameinama, vidole vina wino, na tangu astaafu hakuwa amefanya kazi ngumu kiasi hicho. Aliiita kazi. Jina jingine hakuipa.

Kesho yake aliingia ukumbini. Mshauri alikuwa anapanga viti, na wifi alikuwa ameketi kwenye cherehani pembeni, anashona pindo la pazia lililokuwa refu kupita kiasi.

"Shikamoo, dada," Mshauri alisema kwa tahadhari.

"Marahaba. Ile uliyoweka inagawanyika kwa tisa."

Mabega ya Mshauri yalishuka. "Kwa tisa tena?"

"Nimekuletea nyingine." Akampa karatasi. 78487. "Chuma chake unacho chote. Hiyo haigawanyiki. Nimeipitisha kwenye kila kitu."

Mshauri aliishika karatasi kwa mikono miwili. Aliisoma kutoka kushoto, akaisoma kutoka kulia, midomo ikicheza. Uso wake ulianza kufunguka. "Ni fupi kidogo," akasema, "lakini nikiziachanisha..."

Cherehani ikasimama. "Nani kaitafuta?" wifi aliuliza.

"Dada."

"Basi ibaki iliyopo."

"Mke wangu, inagawanyika kwa tisa."

"Igawanyike."

Mshauri alimtazama mke wake, akamtazama dada yake. Mwalimu Baki alisubiri kumwona akibabaika, kama alivyobabaika ubaoni miaka yote. Hakubabaika. Aliikunja karatasi vizuri, akamrudishia.

"Ahsante, dada. Tutabaki na iliyopo."

Akamsindikiza mpaka mlangoni. Mwalimu Baki alikuwa anachemka. "Utaacha kosa juu ya mlango wako, lionekane na kila mpita njia, kwa sababu ya kununa kwa mtu mmoja?"

"Ulimwomba radhi?"

"Nimewaletea namba. Unajua nimeitafuta kwa muda gani?"

"Yeye hakudai namba."

"Nikamwambie nini?"

"Sijui. Mimi ni bingwa wa kusema saa nzima, unanicheka kila siku. Wewe nenda kaseme nusu dakika."

Alikasirika kwa kuwa jibu lilikuwa sahihi, na lilikuwa limetoka kwa mdogo wake. Alisimama pale na karatasi mkononi. Kisha akarudi ndani, akapita katikati ya viti, akasimama kando ya cherehani. Wifi hakuacha kushona. Sindano ilikwenda mbio.

"Neno lile la mwisho," Mwalimu Baki alisema kwa sauti ya kushindana na mashine, "nilikusudia. Sikuteleza. Nilitaka wacheke zaidi. Nisamehe."

Wifi alishona mpaka mwisho wa pindo. Akainua mguu wa cherehani, akavuta kitambaa, akakata uzi kwa meno.

"Nimesikia," akasema.

Akageuza pazia, akaanza upande wa pili. Hapakuwa na zaidi ya hapo. Mwalimu Baki alitoka, akapita chini ya ile namba ya aibu bila kuinua macho, na kule nje mume mmoja alikuwa amefika na mke wake mapema kwa semina, anamwonyesha juu kwa kidole, anamweleza kwa kujiamini kabisa kitu ambacho si kweli.

Jumapili iliyofuata hakualikwa, na hakwenda. Ile ya baada yake, mchana, mlango uligongwa. Alikuwa Mshauri, amevaa ile suti ya kahawia, na mkononi ana bakuli la chakula lililofungwa kwa kitambaa, fundo limekazwa sana, fundo la fundi cherehani. Alisema ametumwa. Kisha, akiwa bado kizingitini, akaanza kueleza jinsi semina zinavyokwenda, nani amerudiana na nani, na wazo jipya alilopata kuhusu pembetatu, akaeleza na kueleza, na pembetatu yenyewe alikuwa ameikosea.

Alikuwa anachosha kama kawaida yake. Mwalimu Baki alipokea bakuli, akalishika kwa mikono yote miwili maana bado lilikuwa la moto, akamsogezea kiti kwa mguu ili amalize akiwa amekaa.